Kughani kwa biwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikitupia kipande cha biwa kwenye status maswali ni yale yale, mengine yanarudi karibu kila wiki, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Jibu likikutuma kwenye swali lingine nenda kalisome huko huko, sirudii.

## Ya mwanzo

Hii ni kuimba, kughani au kusoma?

Ni kughani, ukiita hivyo hujakosea. Mtu mmoja anakaa chini, amepakata biwa ambayo ni ala ya nyuzi nne, anaghani kisa kirefu cha vita peke yake, hakuna kundi nyuma yake wala waitikiaji, wapiganaji ni yeye, farasi ni yeye, bibi anayemkumbatia mjukuu ni yeye.

Kisa chenyewe kinaitwa Heike monogatari, yaani kisa cha Heike. Heike ni jina lingine la ukoo wa Taira, watu waliopanda mpaka wakaishika nchi ya Japani mkononi halafu wakaangushwa na ukoo wa Minamoto (hao nao wanaitwa Genji) kwenye vita vya 1180 hadi 1185. Kina majuzuu 12 na moja la ziada mwishoni, na kwa kughani kimekatwa vipande kama 200, kipande kimoja kinaweza kula nusu saa au zaidi.

Ni ushairi kweli? Mbona sisikii vina?

Vina hamna. Sisi tumezoea vina vya kati na vya mwisho kwa hiyo sikio linavitafuta, ila ushairi wa Kijapani hausimami kwenye vina, unasimama kwenye mizani, hasa 7 na 5. Na Heike si shairi tupu mwanzo mpaka mwisho, kuna sehemu ndefu zinazokwenda kama mtu anasimulia tu, halafu mahali panapouma lugha inajipanga kwenye 7 na 5.

Chukua ufunguzi wake: *Gion shoja no kane no koe, shogyo mujo no hibiki ari*. Hesabu kwa vidole, ukijua kwamba "n" inayosimama peke yake ni mizani moja na "o" ya kuvuta katika shoja, shogyo na mujo inaongeza moja: saba, tano, saba, tano. Maana yake ni kwamba kengele za nyumba ya watawa ya Gion (hiyo ni ile ya India ya zamani, ya enzi za Buddha) mlio wake unasema hakuna kitu kinachodumu. Mtoto wa shule Japani anaijua kwa kichwa hii mistari. Na aliyekuwa akisikiliza zamani alishajua kabla kisa hakijaanza kwamba hawa wakubwa wote watakwisha.

Biwa mbona inafanana na udi?

Kwa sababu ni ndugu, na simaanishi kwa mfano, ni ukoo mmoja. Uajemi ya zamani ilikuwa na ala inaitwa barbat. Upande wa magharibi ndio huko kwenye udi wa Waarabu, udi huu huu unaopigwa kwenye taarab Zanzibar na Mombasa, na upande wa mashariki ala za ukoo huo zilisafiri na misafara ya njia ya hariri, China ikawa pipa, na kufikia karne ya 8 ilishakuwa Japani inaitwa biwa. Kuna moja ya nyuzi tano ya enzi hizo mpaka leo imehifadhiwa kwenye ghala la Shosoin mjini Nara, na pale inapopigwa pamenakshiwa kwa lulu ya chaza mtu amepanda ngamia anapiga biwa. Ngamia! Japani hakuna ngamia. Ile picha inakwambia ala ilikotoka kuliko maelezo yangu yote.

Tofauti zipo lakini. Udi shingo yake ni laini, biwa ina vidaraja (vile vinavyogawa shingo kama kwenye gitaa) na ni virefu kweli, vimesimama. Nyuzi za udi nyingi ni jozi jozi, za biwa ni mmoja mmoja, na za asili ni za hariri. Na kinachopigia hakifanani kabisa, biwa inapigwa kwa bachi, kipande cha mti mgumu kilichotanuka mbele kama feni ya mkono, kuhusu hicho angalia swali la mwisho.

## Sauti na ala

Mbona akianza kughani biwa inanyamaza? Mpigaji amesahau?

Hajasahau. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote kwa sababu ukilielewa umeshaelewa nusu ya mambo.

Sisi muziki wa kusindikiza tunaujua kama kitu kinachotembea chini ya sauti, mwimbaji yuko juu na ala ziko chini zinambeba. Kwenye Heike sivyo. Biwa inapiga, inanyamaza, sauti inaingia peke yake uchi kabisa, inamaliza, ndipo biwa inarudi. Wanapokezana. Kwa hiyo mghani akisema mtu ametumbukia baharini hakuna kitu chini ya sauti yake, halafu inakuja "ton" moja ya uzi, halafu kimya, na kile kimya ndicho kinachokupata. Mimi mara ya kwanza nilisikiliza usiku taa zimezimwa, na nilichobaki nacho asubuhi yake ilikuwa vile vimya, sauti yenyewe nilishaisahau.

Biwa pia inafanya kazi ya kutangaza. Kila aina ya mahadhi ina kipigo chake cha kuitangulia, kwa hiyo msikilizaji mzoefu akisikia kile kipigo anajua tayari kinachokuja ni mapigano au ni machozi.

Mahadhi yako mangapi?

Mengi, lakini ukijua haya manne utaanza kupata njia. *Shirakoe* ni sauti ya kusema tu karibu haina tuni. *Kudoki* ni kughani kwa kawaida, sauti inakaa kwenye noti chache, kisa kinasonga. *Hiroi* ni ya vita, ina nguvu na inakwenda mbio kidogo. *Sanju* ni ile ya juu kabisa, silabi moja inavutwa inapinda inapanda inashuka mpaka unasahau neno lilikuwa lipi, na inawekwa mahali pa uzuri au pa majonzi.

Kwa hiyo mghani hatungi tuni mpya kwa kila kipande, anapanga haya mahadhi kufuatana na maneno.

Mbona polepole hivyo?

Watu wanachoka dakika ya tatu, najua. Ila fikiria kazi yake ilikuwa nini. Zamani waliamini mtu aliyekufa vibaya, vitani, na kinyongo moyoni, hatulii, na kuwaghania wale Heike ilikuwa ni pamoja na kuwatuliza, yaani kisa kinasimuliwa kwa walio hai lakini wafu nao wapo wanasikiliza. Jambo kama hilo huliendeshi kasi. Ukitaka kasi nenda kwenye biwa ya Satsuma, aina nyingine ya baadaye, angalia chini huko.

Kuna mlio unavuma kama nyuki, ala imeharibika?

Haijaharibika, unatakiwa. Unaitwa *sawari*. Juu ya kidaraja pamefanywa pana, uzi ukitetemeka unapagusa gusa, ndiyo huo uvumi. Fundi anachonga kwa kuvizia mlio huo, ukikosekana biwa inarudishwa kwake.

## Waghani

Kwa nini walikuwa vipofu?

Biwa hoshi, ndivyo walivyoitwa, walikuwa wanaume vipofu wanaonyoa kichwa na kuvaa kama watawa, wakizunguka na biwa mgongoni. Vipofu wenye biwa walikuwepo hata kabla ya Heike, ilikuwa moja ya kazi chache ambazo kipofu angeweza kuishi nazo. Mtawa Yoshida Kenko wa karne ya 14 aliandika kwamba kisa alikitunga mtu anaitwa Yukinaga akamfundisha kipofu anaitwa Shobutsu akighani. Wataalamu wanabishana kama ilikuwa hivyo kweli, lakini inaonyesha kwamba tangu mapema watu walikiona kisa na sauti ya kipofu kama kitu kimoja.

Halafu wakajipanga. Wakawa na chama chao, Todoza, chenye vyeo, chini kuna zato, juu kabisa kuna kengyo, na kupanda cheo kulikuwa na gharama yake. Mkubwa wao aliyeacha alama ni Akashi Kakuichi, mwaka 1371, uhai wake ukielekea ukingoni, alitamka kisa chote kikaandikwa, na hiyo nakala ya Kakuichi ndiyo watu wanasoma mpaka leo. Fikiria kipofu, majuzuu yote yale yamekaa kichwani, anatamka na mwingine anaandika.

Kweli wameisha?

Kama chama, ndiyo. Serikali ya Meiji, ile mpya iliyoingia baada ya utawala wa samurai, ilikivunja Todoza mwaka 1871, na haki zao zote zikaenda nacho. Na hata kabla ya hapo makengyo wengi walishahamia koto (ala ndefu ya nyuzi inayolazwa chini) na shamisen (ya nyuzi tatu, shingo ndefu) kwa sababu huko ndiko kulikuwa na wanafunzi wa kulipa.

Kilichoiokoa Heike ni karatasi na watu wachache wakaidi. Nagoya, mwaka 1776, Ogino Kengyo alikusanya vipande vyote pamoja na alama za mahadhi kwenye kitabu kinachoitwa Heike mabushi, kwa hiyo kwa maandishi vipo. Kwa mdomo ni habari nyingine, mstari wa vipofu wa Nagoya ulifika mikononi mwa Imai Tsutomu aliyezaliwa 1958, na alichorithi kwa sikio kutoka kwa mwalimu ni vipande 8. Nane, kutoka 200. Mimi hii namba huwa inanikaa kooni.

Kusini, Kyushu, kulikuwa na waghani wa biwa wa namna nyingine, vipofu wa vijijini waliokuwa wanaitwa nyumbani kutakasa jiko na kusoma dua za mungu wa ardhi, kisha ibada ikiisha wanaghani visa mpaka usiku. Yamashika Yoshiyuki wa Kumamoto (1901 hadi 1996) ndiye wengi wanamwita biwa hoshi wa mwisho.

Wanawake je?

Kwenye Heike ya zamani ilikuwa kazi ya wanaume, wanawake vipofu walikuwa na njia yao, waliitwa *goze* na walitumia shamisen. Lakini karne ya 20 mambo yakageuka, biwa ya Chikuzen (nayo ni aina ya baadaye, iko chini pamoja na Satsuma) ilipendwa sana na wanawake, na kwenye Satsuma akatokea Tsuruta Kinshi (1911 hadi 1995), mwanamke, mimi nasema hakuna aliyeipiga biwa kwa nguvu kama yule. Mwaka 1967 alisimama New York pamoja na orkestra nzima akipiga November Steps ya Takemitsu, mtunzi wa muziki wa Kijapani, yeye na biwa yake na Yokoyama Katsuya na filimbi ya shakuhachi, watu wawili mbele ya ala zote zile na hawakumezwa.

## Visa vyenyewe

Nianze na kisa kipi?

Wengi watakwambia Nasu no Yoichi na mimi nakwambia hivyo hivyo, ila usiishie pale wanapoishia wengi.

Ni Yashima, 1185, jua linazama. Heike wako kwenye mashua baharini, Genji wako ufukweni juu ya farasi. Mashua moja inasogea, kuna msichana ndani, wamesimamisha feni nyekundu yenye duara la jua kwenye mti, wanawaita Genji waipige kwa mshale kama wanaweza. Anachaguliwa Yoichi, kijana wa miaka kama ishirini. Anaingiza farasi majini, mawimbi yanapandisha mashua na kuishusha, feni haitulii. Anafumba macho anaomba miungu ya kwao, na amenuia akikosa atavunja upinde wake ajiue. Akifungua macho upepo umepungua kidogo. Mshale unakata feni karibu na pale inaposhikiwa, feni inaruka juu, inazunguka mara moja mbili kwenye upepo, inaanguka baharini. Mahadhi hapo yanavutwa mpaka unaiona ile nyekundu ikielea juu ya povu jeupe. Heike wanashangilia wakigonga mbao za mashua, Genji wanashangilia wakipiga mapodo yao ya mishale, maadui wote wawili pamoja.

Sasa endelea. Kwenye mashua mzee wa miaka kama hamsini amefurahi mpaka amesimama pale pale feni ilipokuwa na anacheza. Yoichi anaambiwa kwa nyuma, na huyo mpige. Anampiga shingoni, mzee anaanguka ndani ya mashua. Upande wa Heike kimya. Upande wa Genji wanapiga tena mapodo, na kisa kinaongeza kwamba wengine walisema amepiga vizuri na wengine walisema ni ukatili. Hapo ndipo nilipowaheshimu waliotunga, wangeweza kuacha feni ikielea na kila mtu aende nyumbani ameridhika.

Na yule mfalme mtoto aliyezama?

Antoku. Alizaliwa 1178, alikufa kwenye vita vya mwisho vya baharini, Dan-no-ura, 1185. Kisa kinasema ana miaka minane kwa hesabu yao ya zamani, kwa hesabu yetu ni sita. Bibi yake, mjane wa Kiyomori aliyekuwa mkubwa wa Heike, akiona vita vimekwisha anamchukua mtoto mpaka ukingoni mwa mashua. Mtoto anauliza, bibi unanipeleka wapi? Anamwambia ageuke mashariki aage, kisha ageuke magharibi amwombe Buddha. Mtoto anaunganisha vile viganja vidogo, anafanya kama alivyoambiwa, na bibi anamwambia chini ya mawimbi nako kuna mji mkuu, wanaruka.

Mama yake mtoto naye aliruka lakini askari wa Genji walimvuta kwa nywele kwa reki wakamtoa hai. Lile juzuu la ziada nililolitaja mwanzo ni lake yeye, mtawa peke yake milimani Ohara, na lilikuwa linafundishwa kwa siri kwa waliofika juu tu.

Hoichi asiye na masikio ni kisa cha kweli?

Ni hadithi ya mizimu. Hoichi ni biwa hoshi kipofu anayekaa hekalu la Shimonoseki karibu na Dan-no-ura, usiku anakuja askari kumchukua akaghani kwa wakubwa, kumbe anaghani makaburini mbele ya Heike wafu. Watawa wanamwandika maneno matakatifu mwili mzima wamlinde, wanasahau masikio, mzimu unayang'oa. Duniani ilijulikana kupitia Lafcadio Hearn aliyeichapisha 1904. Mahali penyewe papo, leo ni Akama Jingu, na kuna sanamu yake. Kwa nini wafu wanataka kughaniwa, rudi kwenye swali la upolepole.

Na wale kaa wenye sura za watu?

Kaa wa Heike wapo kweli, gamba lina mikunjo kama uso umekasirika, wavuvi wanasema ni roho za waliozama. Ile mikunjo ni mahali misuli inaposhikia gamba kwa ndani.

## Ya pembeni

Satsuma na Chikuzen ni vitu gani, ni Heike pia?

Ni biwa za baadaye. Satsuma ni ya samurai wa Kagoshima, ilianza karne ya 16, Shimazu Tadayoshi anatajwa kwamba aliitaka itumike kulea vijana wa kijeshi, ndiyo maana mti wake ni mforsadi mgumu na bachi yake ni pana sana, wanapiga uzi na ubao kwa pamoja, "pa!", na uzi unabonyezwa katikati ya vidaraja mpaka sauti inapinda. Chikuzen ni ya Fukuoka, mwisho wa karne ya 19, laini zaidi, ilichukua mengi kwenye shamisen. Zote zinaghani visa vya Heike lakini kwa maneno mapya na tuni mpya. Zilivuma sana wakati wa vita vya Japani na China na Urusi, na baada ya 1945 zikashuka, moja ya sababu ni hiyo hiyo, zilikuwa zimeshanukia vita.

Ni sawa na shigin au joruri?

Hapana. Shigin ni kughani mashairi mafupi, hasa yaliyotungwa kwa Kichina, ikiwa na ala mara nyingi ni koto au shakuhachi. Joruri ni ya shamisen, inasindikiza wanasesere, ila ina damu ya biwa, shamisen ilipofika karne ya 16 kutoka visiwa vya Ryukyu walioidaka ni wapiga biwa na wakaipigia bachi yao.

Mimi Mwislamu, au Mkristo, kusikiliza ni ibada?

Naulizwa sana na nalichukulia kwa uzito. Maneno yamejaa Ubuddha, huwezi kuuondoa, tangu ile kengele ya mstari wa kwanza. Lakini Heike inayoghaniwa leo jukwaani ni sanaa, anayesikiliza haombwi kufanya chochote, anakaa tu. Zile za vijijini Kyushu za kutakasa jiko ndizo zilikuwa ibada kamili. Mimi nasikiliza Heike kama kisa cha watu, kama hujaridhika uliza wanazuoni wa dini yako.

Sijui Kijapani, nitafuata vipi?

Soma kisa kwanza kwa lugha unayoijua, kipande kimoja tu, halafu sikiliza kile kile. Usifuate neno kwa neno, fuata mahadhi, sanju ikianza utajua umefika pa kuumia.

Nina udi nyumbani, naweza kujaribu?

Mpangilio wa kupokezana, ndiyo, jaribu, piga noti mbili tatu za chini kisha nyamaza ghani ubeti mzima bila kugusa uzi, halafu rudi. Ile mipindo ya sauti ya Satsuma hutaipata, inahitaji vidaraja virefu. Na bachi usiilete kabisa karibu na udi, uso wa udi ni mbao nyembamba isiyotengenezwa kupigwa, mtu mmoja nayemjua alijaribu kwa kibao alichochonga mwenyewe na sasa uso una ufa kutoka kwenye tundu mpaka chini zinapofungwa nyuzi.